Kompyuta huchakaa, sheria ya forodha haisahau

Kifungu cha 235 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinampa ofisa wa forodha haki ya kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu mzigo huo ulipoingia au kutoka nchini. Anaweza kutaka ankara, vitabu vya hesabu na kumbukumbu nyingine zinazohusu bidhaa hizo. Mbele yake, jibu la kwamba "kompyuta iliharibika" halimsaidii mfanyabiashara hata kidogo.

Sasa linganisha miaka hiyo 5 na umri wa kompyuta zetu. Nyingi kati ya zile zinazouzwa katika maduka ya Gitega na Muyinga ni mitumba. Zimeshafanya kazi ofisini kwa watu wengine, Ulaya au Dubai, kabla hazijafika kwetu. Zikifika zinakutana na vumbi, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na safari za kwenye lori. Kwa hiyo mfanyabiashara anayevusha mzigo leo pale Kobero ana kila sababu ya kuamini kwamba atabadilisha kompyuta angalau mara moja kabla mzigo huo haujatoka machoni mwa forodha.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Siku ya kubadilisha kompyuta ni siku ya hatari kubwa kwa kumbukumbu za biashara, na sisi tunaipitisha kama siku ya kununua viatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo liko ndani ya kompyuta, na kulihamisha kuna utaratibu wake.

Daftari moja, meza nne

Tuangalie kwanza jinsi biashara ya ukanda huu inavyokwenda. Mzigo unaotoka Dar es Salaam au Kahama kuja Burundi kwa njia ya Ngara unafika Kabanga upande wa Tanzania, unavuka Kobero, unaingia Muyinga, na wenye soko lao Gitega wanaendelea nao kupitia Karuzi. Katika safari hiyo nyaraka zake zinashikwa na watu wanne au watano: muuzaji wa Tanzania, wakala wa forodha mpakani, mwenye ghala Muyinga, mnunuzi au mhasibu Gitega, na wakati mwingine benki.

Kila mmoja anaongeza karatasi yake. Muuzaji anatoa ankara kwa Kiswahili au Kiingereza. Wakala anaandaa kadhia kwa Kifaransa kwa ajili ya Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR. Kuna cheti cha uasili wa bidhaa, na kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000 za Marekani kuna cheti chake rahisi kinachotolewa pale pale mpakani. Kuna risiti ya ushuru, hati ya lori na picha za mzigo. Karatasi ile ile inaitwa "ankara" Kabanga, "facture" Muyinga na "invoice" kwenye barua pepe ya Dar es Salaam.

Ndiyo maana mawakala na wafanyabiashara wengi wenye ofisi zaidi ya moja wameanza kutumia programu za kusawazisha mafaili. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaweka faili katika folda moja ya kompyuta ya Kobero, na baada ya muda mfupi faili hilo hilo linaonekana katika folda ya kompyuta ya Gitega. Mtu wa Gitega akilirekebisha, marekebisho yanarudi Kobero. Baadhi ya programu hizi hupitisha mafaili kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali, kama Google Drive, OneDrive na Dropbox. Nyingine, kama Syncthing, huunganisha kompyuta za wahusika moja kwa moja bila kuacha nakala kwa mtu wa tatu.

Hili la pili lina faida ya pekee kwetu. Syncthing ni programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani hubadilishana mafaili bila kula bando. Mwenye ghala wa Muyinga akisafiri na kompyuta yake hadi Gitega na kuiwasha ofisini kwa mshirika wake, kazi inafanyika pale pale hata kama intaneti imekatika.

Tatizo ni kwamba watu wameanza kuiita hali hiyo "kuhifadhi". Sivyo ilivyo.

Kusawazisha si kuhifadhi

Programu ya kusawazisha ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukiongeza faili, anaongeza kila mahali. Ukifuta, anafuta kila mahali. Kijana wa ofisini akifuta kwa bahati mbaya folda ya mizigo ya mwaka juzi akidhani anapunguza uzito wa kompyuta, kufuta huko kunasafiri hadi Muyinga, Gitega na Ngara kabla hajamaliza chai yake. Virusi vikifunga mafaili na kudai fidia, mafaili yaliyofungwa yanasambazwa kwa uaminifu ule ule.

Wenye kutumia huduma za kampuni kubwa hujibu kwamba kuna kapu la taka, na kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Ni kweli, lakini soma masharti. Katika Google Drive, faili lililotupwa kwenye kapu hufutwa moja kwa moja baada ya siku 30. Akaunti ya bure ya Dropbox nayo inakupa siku 30 za kurudisha ulichofuta. Siku 30 zinamtosha mwanafunzi aliyefuta kazi yake ya nyumbani. Hazimtoshi mtu ambaye anaweza kuulizwa na forodha baada ya miaka 3 kuhusu lori moja la saruji.

Nakala ya akiba ni kitu kingine kabisa. Ni nakala iliyowekwa kando, isiyobadilika kila unapobonyeza kitufe, ambayo unaweza kuirudia siku ile mambo yatakapoharibika kila mahali kwa pamoja. Wataalamu wa kumbukumbu wana kanuni moja rahisi inayofaa kubandikwa ukutani: kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake iwe mbali na ofisi.

Hilo la umbali sisi wa ukanda huu tusihitaji kufundishwa. Soko Kuu la Bujumbura liliungua Januari 27, 2013. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, liliungua Julai 10, 2021. Kila mwenye biashara anajua kwamba kuungua kwa bidhaa ni hasara moja, na kuungua kwa orodha ya wanaokudai na unaowadai ni hasara ya pili, ambayo haina bima. Kama diski yako ya akiba inalala kwenye droo ya meza ile ile inayobeba kompyuta, moto mmoja au mwizi mmoja atachukua vyote viwili.

Vitu vitatu, si kimoja

Tuje kwenye siku yenyewe ya kubadilisha kompyuta. Ya zamani imeanza kuzimika ovyo, mpya imenunuliwa. Mara nyingi kinachofuata ni kumwita fundi, naye anauliza, "Unataka nikuhamishie nini?" Mwenye kompyuta anajibu, "Mafaili yangu yote." Fundi ananakili folda ya nyaraka kwenye flashi, anapiga Windows upya kwenye mashine ya zamani ili iuzwe, na kazi imekwisha.

Kwa mtu anayetumia programu ya kusawazisha, hapo kimehamishwa kitu kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni mafaili yenyewe. Hilo kila mtu analijua.

Cha pili ni mipangilio, yaani orodha ya folda gani inashirikiwa na nani, nani anaruhusiwa kutuma tu, nani kupokea tu, na faili lililofutwa linatunzwa kwa muda gani kabla ya kutoweka. Wakala mwenye wateja 20 anaweza kuwa na folda 20, kila moja na mshirika wake. Kuipanga upya orodha hiyo kwa kichwa ni mwaliko wa kosa, na kosa la aina hiyo linaweza kumfanya mteja mmoja apokee ankara za mshindani wake.

Cha tatu ni utambulisho. Katika Syncthing, kila kompyuta ina jozi ya mafaili madogo ya siri, yaani cheti na ufunguo wake, na namba ya kifaa ambayo washirika wako waliikubali inatokana na cheti hicho. Ufunguo huo ni kama muhuri wa ofisi. Ukiupoteza, kompyuta mpya ni mgeni kwa washirika wako wote, na kila mmoja lazima aikubali upya. Ukiupata mtu mwingine, anaweza kujitokeza kwao kwa jina lako.

Mipangilio na ufunguo hukaa pamoja katika folda ya programu yenyewe, mbali na nyaraka zako. Kwa Windows, Syncthing huiweka ndani ya AppData ya mtumiaji, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kufungua. Mafaili ya kutafuta huko ni config.xml, cert.pem na key.pem. Ni madogo kiasi kwamba yanaenea kwenye flashi yoyote, lakini fundi asiyeambiwa hatayagusa. Kitu kingine kilichomo humo ni hifadhidata ya kumbukumbu za ndani za programu. Hiyo haina haja ya kuhamishwa, kwa sababu programu huijenga upya yenyewe kwa kukagua mafaili.

Utaratibu wenyewe basi ni huu. Zima programu kwenye kompyuta ya zamani. Nakili mafaili yote na yale matatu ya mipangilio kwenye diski ya nje. Kwenye kompyuta mpya weka programu, kisha rudisha mafaili mahali pale pale yalipokuwa, kwa majina yale yale ya folda, halafu rudisha mipangilio. Hapo ndipo uiwashe. Programu itakagua kilichopo, italinganisha na cha washirika, na itatuma au kupokea tofauti tu. Kwa kuwa mafaili yamekuja kwa diski, hutalazimika kuyavuta upya kwa bando la simu, jambo ambalo kwa folda ya miaka kadhaa ni gharama ya kutosha kuahirisha kazi nzima.

Kompyuta ya zamani isiwashwe tena ikiwa na ufunguo ule ule. Mashine mbili zenye utambulisho mmoja zikiwa hewani kwa pamoja zinawachanganya washirika, na matokeo yake hayatabiriki.

Je, ni lazima ufunguo uhamishwe? Kwa maoni yangu, la, si kwa kila mtu. Mfanyabiashara mwenye washirika 2 au 3, ambaye kompyuta yake ya zamani bado inawaka, ana njia salama zaidi. Aiache mashine mpya ijitengenezee utambulisho wake, aiunganishe na ya zamani kama kifaa kipya, asubiri mafaili yote yafike, ahakiki, kisha aiondoe ya zamani kwenye orodha. Simu moja kwa kila mshirika itamaliza suala la kukubaliana upya. Kuhamisha ufunguo kunamfaa zaidi wakala mwenye wateja wengi, au mtu ambaye mashine yake imekufa ghafla. Na huyu wa mwisho ataweza tu kama ufunguo ulinakiliwa mapema, wakati mashine bado nzima. Kwa hiyo yale mafaili matatu yanakiliwe leo, hata kama hujafikiria kununua kompyuta nyingine.

Kengele isinyamazishwe

Kuna kosa moja ambalo linastahili aya zake, kwa sababu linafanywa kwa nia njema.

Syncthing huweka ndani ya kila folda inayoshirikiwa alama ndogo iliyofichwa, iitwayo .stfolder. Kazi ya alama hiyo ni ulinzi. Programu ikiwashwa na isiione, inaelewa kwamba pengine diski haijachomekwa au folda imehamishwa, basi inasimama na kutoa onyo badala ya kuwatangazia washirika kwamba mafaili yote yamefutwa.

Sasa chukua mtu aliyerudisha folda nzima ya programu kwenye kompyuta mpya, pamoja na ile hifadhidata ya zamani, kabla hajarudisha nyaraka. Onyo linatokea. Anatafuta msaada, na mtu anamwambia atengeneze folda tupu yenye jina hilo ili onyo liondoke. Linaondoka kweli. Programu inaangalia hifadhidata, inaona kulikuwa na maelfu ya mafaili, inaangalia folda, inaona hakuna kitu, na inafanya hitimisho lake: yamefutwa. Taarifa ya kufutwa inakwenda kwa kila mshirika. Mtu aliyekuwa amepoteza kompyuta moja amewafutia kumbukumbu watu wanne, katika nchi mbili.

Kinga yake ni ya aina mbili. Kwanza, onyo likitokea baada ya kuhama, tafuta sababu yake kabla ya kuliondoa, na ukiwa na shaka acha programu ikiwa imezimwa. Pili, kila mshirika awashe mapema sehemu ya kutunza matoleo ya zamani, ambayo huweka kando faili lililofutwa au kubadilishwa na mwenzake badala ya kulitupa. Sehemu hii huwa imezimwa hadi mtumiaji aiwashe, na ni vizuri iwe sharti la kushirikiana: mwenye kukataa kuiwasha asiunganishwe.

Jambo jingine dogo ni mafaili yanayojitokeza yakiwa na maneno "sync-conflict" katika majina yao. Hizo si taka. Maana yake ni kwamba watu wawili walibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, na programu imetunza matoleo yote mawili ili mwenye mali aamue. Baada ya kuhama kompyuta yanaweza kuongezeka. Yafungue na kuyalinganisha kabla ya kufuta, kwa sababu moja kati yake linaweza kuwa na bei sahihi.

Majibu kwa wanaopinga

Nimewasikia wenye biashara wakisema haya ni mambo ya watu wa kompyuta, na kwamba karatasi inatosha. Karatasi ina heshima yake na isitupwe. Lakini risiti nyingi za mashine siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na joto hilo hilo huifuta. Iache kwenye kioo cha lori au droo iliyo karibu na dirisha, na baada ya muda itabaki nyeupe. Kupiga picha risiti siku ile ile ilipotolewa ndiyo njia ya kuitunza kwa miaka 5, na picha hiyo nayo inarudi kwenye swali la kompyuta na simu.

Wengine wanasema kila kitu kiko WhatsApp. Ni kweli biashara ya mpakani inaendeshwa kwa WhatsApp, kuanzia bei hadi picha ya kadhia. Lakini kundi la WhatsApp ni mazungumzo, na kutafuta humo ankara ya miezi 30 iliyopita ni sawa na kutafuta pishi la mchele lililomwagika sokoni. Zaidi ya hapo, kwenye simu za Android nakala ya akiba ya WhatsApp sasa inahesabiwa ndani ya nafasi ya akaunti ya Google, na nafasi ya bure ni GB 15 zinazogawanywa pia na barua pepe na picha. Ikijaa, nakala inasimama, na wengi hugundua siku wanapobadilisha simu.

Wapo pia wanaosema kampuni kubwa zinatosha: ukinunua kompyuta mpya unaandika tu nenosiri na kila kitu kinarudi. Hoja hii ina uzito, na kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika ni msaada mkubwa. Ila inategemea mambo matatu ambayo mfanyabiashara wa Muyinga hana hakika nayo kila siku: bando la kuvuta mafaili yote, namba ya simu ile ile ya kupokelea msimbo wa kuthibitisha, na akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la karani aliyeacha kazi. Laini ya simu ya Tanzania iliyopotea Ngara inaweza kukufungia nje ya nyaraka zako ulizonazo Gitega.

Wala wa Syncthing wasijione wamesalimika. Toleo rasmi la programu hiyo kwa simu za Android lilisitishwa Desemba 2024, na waliolitumia wamelazimika kuhamia toleo linaloendelezwa na watu wengine. Programu huja na kuondoka. Kitakachobaki ni faili la kawaida, lenye jina linaloeleweka, kwenye diski unayoimiliki.

Gharama? Diski ya nje ni fedha, sikatai, hasa wakati huu ambapo fedha za kigeni ni adimu. Lakini kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko hasara ya lori lililolala mpakani kwa siku chache likisubiri karatasi isiyoonekana. Mawakala wadogo wanaweza kuchangia diski moja na kuilaza kwa zamu, mradi kila mmoja afunge folda yake kwa nenosiri.

Kazi ya taasisi

Haya yote hayawezi kuachwa kwenye mabega ya mfanyabiashara peke yake. Jumuiya ilianzisha umoja wa forodha mwaka 2005, Burundi ikaanza kuutekeleza mwaka 2009, na tangu mwaka 2014 kuna utaratibu wa himaya moja ya forodha ambao unafanya nyaraka za nchi moja zitegemewe na nchi nyingine. Mifumo ya serikali imehamia kwenye kompyuta. Mfanyabiashara naye amevutwa humo. Katika mafunzo ya mpakani anaelezwa jinsi ya kujaza cheti cha uasili. Ni haki pia aelezwe jinsi ya kukitunza kwa muda ambao sheria ile ile inaweza kumdai.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafunzo yoyote ya wafanyabiashara wadogo pale Kobero na Kabanga yawe na saa moja ya kutunza na kurejesha kumbukumbu, kwa Kiswahili na Kirundi, kwa vitendo, si kwa hotuba. Pili, OBR na Mamlaka ya Mapato Tanzania waweke njia nyepesi ya mfanyabiashara kupakua mwenyewe nakala za kadhia zake za miaka 5 iliyopita bila kupitia kwa wakala. Anayepoteza kompyuta asipoteze na uthibitisho kwamba alilipa ushuru. Tatu, vyama vya mawakala wa forodha vikubaliane juu ya namna moja ya kutaja mafaili: tarehe, namba ya kadhia, jina la bidhaa. Hilo halihitaji bajeti, na litawaokoa wanaotafuta "facture" kwenye folda ya "invoice".

Haja ya mpangilio imeongezeka hapa Burundi. Kwa mgawanyo mpya wa mikoa ulioanza kutumika mwaka 2025, Muyinga sasa imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Nyaraka za jana zinataja mkoa ambao leo haupo kwenye ramani. Anayetafuta kwa kutumia jina la mkoa atapata nusu ya kumbukumbu zake.

Na kuna suala la kompyuta ya zamani yenyewe. Ikiuzwa bila kufutwa vizuri, inakwenda sokoni na nakala za pasipoti, namba za mlipakodi na bei za wateja wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya na Uganda zina zao tangu 2019, na Rwanda tangu 2021. Mshirika wako wa Ngara anabanwa na sheria ya kwao hata kama taarifa zake zimevujia Muyinga. Kufuta kawaida hakutoshi. Mwambie fundi aifute diski nzima kwa kuiandika upya, au uitoe diski na uuze mashine bila hiyo.

Lakini usimwambie hivyo kabla hujafanya jaribio moja. Chagua mzigo wowote wa miaka 2 iliyopita. Chukua diski ya akiba, ichomeke kwenye kompyuta mpya, na utafute ankara, kadhia, cheti na risiti ya mzigo huo. Fungua kila faili, soma namba zake. Ukizipata zote nne, mashine ya zamani inaweza kwenda. Ikikosekana moja, iache mezani kwanza, kwa sababu huenda ndiyo pekee inayoijua.